Istanbul: Basi la Nini?

Video ya wasafiri wetu wa Dar es Salaam mmeshaitazama, sina haja ya kuisimulia upya. Rudini tu pale penye saa kumi na nusu alasiri, Ijumaa ya Oktoba, uwanja wa Sultanahmet, kiongozi wa msafara anapoinua kibendera chake na kuwaambia watu wapande basi waende Üsküdar kutazama jua likizama. Siku ilifia hapo.

Asubuhi haina neno: Ayasofia kabla ya foleni, Msikiti wa Sultan Ahmed kabla haujafungiwa watalii kwa ajili ya swala ya Ijumaa, kisha lile birika la chini ya ardhi lenye nguzo 336. Safi. Tuendelee.

Lengo lenyewe silipingi. Ufukwe wa Salacak, upande wa Asia, unatazama magharibi. Jua linashuka nyuma ya minara ya mji mkongwe, na mbele yako mnara wa Kız Kulesi umesimama peke yake majini. Kwangu hakuna mandhari inayoishinda hiyo mjini, na hailipiwi hata senti. Jua la siku zile huzama kwenye saa kumi na mbili na robo hivi. Muda alikuwa nao. Kutoka Sultanahmet hadi Eminönü ni vituo vitatu vya tramu ya T1, au mteremko ambao hata mwenye kandambili anaumudu. Pale unagonga kadi ya nauli, Istanbulkart, unapanda kivuko, unaagiza chai, na kabla glasi haijapoa unaiona Üsküdar. Salacak unafika kwa miguu, ukiifuata bahari. Hata wangezubaa kuwapiga picha shakwe, saa kumi na mbili ingewakuta wameshakaa.

Na kama aliogopa upepo wa majini, treni ya Marmaray ipo Sirkeci tangu 2013: kituo kimoja chini ya mlango-bahari, dakika kama nne.

Yeye akachagua barabara. Handaki la magari la Avrasya, lililofunguliwa Desemba 2016, halipokei mabasi makubwa. Kwa hiyo basi lile lilipaswa kwanza kuivuka Pembe ya Dhahabu, likwee hadi juu, ndipo lijipange kwenye daraja la 1973 pamoja na kila mfanyakazi anayeshinda Ulaya na kulala Asia. Jioni, tena Ijumaa! Wenyeji wenyewe hawathubutu. Daraja lina mita 1,074 kati ya nguzo na nguzo, na wasafiri wetu walipewa muda wa kutosha kuzihesabu moja moja. Jua lilizama nyuma ya migongo yao; kamera ikanasa taa nyekundu za breki.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mtu alimwonya. Ongezeni sauti pale uwanjani, kabla mlango wa basi haujafungwa. Mama mmoja anauliza, “Mwanangu, kwani hapa hakuna pantoni?” Anajibiwa, “Mama, basi tumeshalilipia mpaka usiku.” Basi, mjadala umekwisha. Lakini hela ya basi ilishakwenda, wapande wasipande, kulitumia hakuirudishi. Dereva angetangulia peke yake na foleni yake, akawakuta ng'ambo wakati wa chakula. Hawa ni watu wa Dar es Salaam! Wamevuka Kivukoni kwenda Kigamboni tangu wakibebwa mgongoni, na wanajua kwamba hata baada ya daraja la 2016 pantoni haikukosa abiria, kwa sababu inakushusha mlangoni pa mji. Elimu yote hiyo waliiacha uwanja wa ndege.

Halafu lile duka la mazulia. Mhariri ananiambia nimelisema mno, nami nitalisema tena. Bila saa nzima ya kufunuliwa mazulia ambayo hakuna aliyenunua, wangeondoka Sultanahmet saa tisa na nusu, na huenda hata uamuzi mbovu ungesameheka.

Wenye safari zao hawakuwa hivi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa 1331 na Konstantinopoli miaka michache baadaye, ameandika kuhusu Pembe ya Dhahabu hiyohiyo: zamani ilikuwa na daraja, likaharibika, watu wakawa wanavuka kwa mashua. Kaeleza na kupita, bila kulalamika. Alikaa mjini zaidi ya mwezi, na Ayasofia hakuingia ndani, kwa kuwa aliyeingia alitakiwa kuusujudia msalaba. Alitazama kwa nje, akaeleza alichokiona, na tunamsoma mpaka leo. Wa kwetu waliingia kila mahali, wakatoka na picha ya breki.

Chakula cha usiku Üsküdar kilikuwa kizuri, inaonekana. Giza lilikuwa limeshaingia.

Nimeoneshwa na ratiba ya kundi la Desemba, kiongozi ni yuleyule. Kivuko hakimo. Jumba la Topkapi limewekwa Jumanne, siku ambayo Topkapi hufungwa.