Kuigiza Kisichokuwapo: Njiti za Kamĩrĩĩthũ

Kitenzi igiza kimenyambuliwa kutokana na iga, na unyambuzi huo haujaondoa dhana ya kunakili. Pengine ndiyo sababu uhakiki wetu hutanguliza swali la uhalisi: je, mwigizaji amefanana na mlevi, chifu au mkwe? Swali hilo halitoshi pale kinachoigizwa kinapokuwa kitu ambacho bado hakijaundwa.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ni mfano mwafaka. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ wa Thiong'o anaeleza kwamba jukwaa la wazi lililochezewa Ngaahika Ndeenda mwaka 1977 lilisanifiwa kwa njiti za kiberiti zilizopangwa ardhini, kisha kikaundwa kielelezo kidogo, ndipo likajengwa. Itasemwa kwamba njiti si tamthilia. Ni kweli, lakini mtu anapokubali kuiona njiti kuwa nguzo, sharti la kwanza la uigizaji limekwisha kutimia. Kiisimu, mawasiliano ya aina hii huelemea vionyeshi na vielezi kama vile hapa, huku na hivi, ambavyo maana yake hutegemea mkono unaoonyesha. Mchoro wa msanifu humtaka mtazamaji ajue kuusoma. Njiti humtaka aisogeze tu.

Mazoezi nayo yalifuata mkondo huo. Yalifanywa hadharani, na waliotazama waliruhusiwa kusahihisha. Sehemu ya Gĩtiiro waandishi waliitunga baada ya kufundishwa na bibi kizee asiyejua kusoma. Bunduki za kuigizia zilitengenezwa na mtu yuleyule aliyewahi kuwatengenezea Mau Mau bunduki za kweli. Tukiuliza uhalisi peke yake, tutawaona hawa kuwa washauri wa kunakili yaliyopita. Nadhani walikuwa wasanifu wenza.

Tofauti hii si ya istilahi tu. Niliwahi kualikwa kutathmini mchezo ulioandaliwa na mradi mmoja wa vyoo vya shule. Waigizaji walikuwa hodari, na kwa vigezo vyetu vya kawaida niliwapa alama za juu. Katikati ya onyesho mama mmoja alisimama, akaenda hadi kwenye mlango wa kuigiza, akauelekeza upande wa pili: "Hivi, wanangu, si vile, huku ni njia ya watu, wasichana hawataingia." Alipigiwa makofi. Mwezeshaji alimshukuru, akaurudisha mlango ulipokuwa, mchezo ukaendelea. Katika taarifa yangu niliandika kwamba hadhira ilishiriki kikamilifu. Mlango ulijengwa kama ulivyochorwa.