Makofi ya Wageni, Ziwa la Vumbi

Wageni wakija, watoto wa mwaka wa tatu huimba vitenzi vya Kifaransa huku wakipiga makofi. Inapendeza, picha zinapigwa. Lakini tazama vizuri: kwenye "sauter", yaani kuruka, ni makofi, kwenye "dormir", kulala, makofi yaleyale. Kwa mtoto anayeongea Kibembe na Kiswahili nyumbani, hizo ni kelele tamu tu. Si angeruka!

Somo la ramani nililoliona hapahapa Nyarugusu, chini ya mti, lilikuwa kitu kingine. Mwalimu alichora Ziwa Tanganyika kwenye vumbi kwa fimbo, akawapanga: wewe Uvira, wewe Baraka, wewe Kalemie, na ng'ambo huku Kigoma. Wakatembea mji hadi mji wakitaja kaskazini, kusini. Kalemie akalalamika kwamba amewekwa mbali mno na wenzake. Basi umbali umemwingia! Na wengi wao wamezaliwa kambini, Fizi wanaisikia tu kwa wazazi.

Kasoro ninayoiona ni moja, na si ndogo. Msichana anayetembelea mkongojo alikaa pembeni mpaka mwisho. Angepewa Kigoma. Kigoma ilisimama tu palepale somo zima.