Heko kwa Wasimamizi wa Tasnifu

Jina la msimamizi huandikwa katika ukurasa wa shukrani, na huko ndiko wengi wetu tunakoliacha. Kazi yenyewe haionekani: kusoma sura ileile kwa mara ya nne, kumuuliza mwanafunzi anayetaka kuchunguza “afya ya mama Tanzania” ni wilaya ipi, akina mama gani, na atawahoji vipi, kumzuia asikimbilie uwandani kabla ya kibali cha maadili. Hayo yote, mara nyingi, baada ya kusahihisha mitihani ya shahada ya kwanza.

Tatizo ni kumtegemea mtu mmoja. Akistaafu au akipata kazi ng’ambo, mwanafunzi hubaki yatima. Ndiyo maana naipongeza CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti ulioanzishwa 2008 ukiongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini. Wahadhiri chipukizi wa Makerere, Moi, Ibadan na kwingineko husomea uzamivu katika afya ya jamii na idadi ya watu, wakikutanishwa kwa semina za pamoja, tangu kunoa swali la utafiti hadi kuandika makala.

Ninalolipenda zaidi ni kwamba wasimamizi nao hufundishwa. Tulizoea kudhani kwamba mwenye uzamivu anajua tu kusimamia. Profesa anayekubali kukaa darasani tena, ajifunze kukosoa bila kuvunja moyo, anastahili heko. Anayerudisha rasimu ndani ya wiki mbili (kiumbe adimu huyo!) apewe mbili.