Fani Isiyobeba Maudhui: Uhakiki wa Uoneshaji wa Halijoto ya Vifaa katika Programu za Kufuatilia Mfumo wa Linux

1.0 Utangulizi

Programu ya kufuatilia mfumo katika kompyuta ya mezani humwonesha mtumiaji mambo asiyoweza kuyaona kwa macho: kiasi cha kumbukumbu kilichotumika, mzigo wa kichakataji, kasi ya mtandao na, katika baadhi ya programu, halijoto ya vifaa. Mambo matatu ya kwanza huhesabiwa na mfumo endeshi wenyewe. Halijoto ina asili tofauti. Hutoka katika kihisi kilichotengenezwa na kampuni ya vifaa, hupita katika kiendeshi kinachokitafsiri, kisha hufika kwenye skrini ikiwa namba moja yenye alama ya nyuzi. Uhakiki huu unachunguza namna namba hiyo inavyowasilishwa katika mazingira ya Linux. Hoja ya msingi ni kwamba halijoto inayooneshwa ni tafsiri, wala si kipimo kilichokamilika. Kwa hiyo haisomeki sawasawa bila jina la chanzo chake na kikomo chake. Fani inapoyaacha mambo hayo mawili, maudhui hupotoka hata kama namba yenyewe haikuguswa.

2.0 Asili ya Namba

Kiini cha Linux huweka wazi usomaji wa vihisi kupitia mfumo mdogo uitwao hwmon, katika saraka ya /sys/class/hwmon. Kila kifaa kina saraka yake yenye faili la jina. Kila kihisi cha joto kina faili la usomaji, kwa mfano temp1_input, ambamo halijoto huandikwa ikiwa imezidishwa mara 1000. Hivyo 45000 humaanisha nyuzi 45 za Selsiasi. Kando yake huweza kuwapo temp1_label, lenye jina la kihisi, pamoja na temp1_max na temp1_crit, yenye vikomo. Ni dhahiri kwamba kiini hakikukusudia namba isimame peke yake. Kiliitengea jina na mipaka tangu mwanzo.

Haja ya mambo hayo inaonekana katika vichakataji vya Intel, vinavyosomwa na kiendeshi cha coretemp. Kihisi kilichomo ndani ya kichakataji hutoa umbali uliobaki kabla ya kufikia kikomo cha juu kiitwacho TjMax. Kiendeshi huondoa umbali huo katika TjMax ili kupata halijoto. Ikiwa TjMax ni 100 na umbali ni 55, skrini huonesha 45. Katika baadhi ya vichakataji vya zamani TjMax haikuweza kusomwa, na kiendeshi kililazimika kuikadiria kwa kuangalia modeli. Kosa katika makadirio hayo huhamia moja kwa moja kwenye namba anayoiona mtumiaji.

Mfano wa AMD una uzito zaidi. Kiendeshi cha k10temp husoma thamani iitwayo Tctl, ambayo kwa maelezo ya mtengenezaji ni thamani ya kuongozea upozaji na si lazima ilingane na joto halisi la kipande cha silikoni. Katika Ryzen 7 1800X, iliyotoka mwaka 2017, Tctl iliongezwa nyuzi 20 juu ya joto halisi ili feni za vichakataji vya familia moja ziongozwe kwa kanuni moja. Ryzen 7 1700, iliyo ndugu yake, haikuwa na nyongeza hiyo. Kwa hiyo, vichakataji viwili vyenye joto lilelile la nyuzi 50 vingeweza kuoneshwa kimoja kwa 50 na kingine kwa 70. Viendeshi vya baadaye viliitoa nyongeza hiyo na kuonesha thamani ya pili, Tdie, pembeni ya Tctl. Programu inayochagua mojawapo na kuiandika "Halijoto ya kichakataji" humfichia msomaji kwamba kulikuwa na uchaguzi.

3.0 Fani za Uwasilishaji

Amri ya sensors, inayotoka katika mradi wa lm-sensors, huonesha maandishi matupu ndani ya terminali. Haina grafu wala mpangilio wa kuvutia. Hata hivyo, kila kundi la usomaji hutanguliwa na jina la kifaa, kila mstari una jina la kihisi, na vikomo huwekwa kwenye mabano mbele ya namba kila vinapopatikana. Msomaji anayeona nyuzi 78 huona papo hapo kwamba kikomo cha hatari ni 100. Umaskini wa fani haukuyapunguza maudhui.

Plasma System Monitor, iliyochukua nafasi ya KSysGuard katika toleo la Plasma 5.21 la mwaka 2021, humruhusu mtumiaji kuchagua vihisi na kuvipanga katika kurasa zake mwenyewe. Uhuru huu ni sifa kubwa. Udhaifu hujitokeza katika grafu: kipimo cha wima kikiachwa kijipange chenyewe, badiliko la nyuzi 40 hadi 43 huweza kujaza dirisha lote na kufanana na mlipuko wa joto. Umbo hutangaza hatari ambayo namba haina.

Conky hupeleka tatizo mbele zaidi, kwa kuwa mtumiaji huandika lebo kwa mkono wake na kuielekeza kwenye namba ya kifaa, kama hwmon2. Namba hizo hutolewa kwa kufuata mpangilio wa kupakiwa kwa viendeshi, na huweza kubadilika kompyuta inapowashwa upya. Lebo ya kichakataji hubaki palepale huku namba iliyo chini yake ikiwa ya diski. Hapa fani na maudhui vimeachana kabisa, na hakuna ishara yoyote inayomtahadharisha msomaji.

4.0 Ukimya kama Uwasilishaji

GNOME System Monitor ilijengwa kwa miaka mingi juu ya kurasa tatu, yaani michakato, rasilimali na mifumo ya faili, bila halijoto. Ukimya huo una utetezi. Katika bao mama nyingi kuna viingilio vya vihisi visivyounganishwa na kitu, ambavyo hutoa namba zisizowezekana, zikiwamo za chini ya sifuri. Kumwonesha mtumiaji wa kawaida namba hizo ni kumtia hofu bila sababu.

Utetezi huo una nguvu, lakini haukamiliki. Joto la kichakataji linapofikia kikomo, kichakataji hupunguza kasi ili kujilinda. Mtumiaji huona ukurasa wa rasilimali ukionesha mzigo mkubwa na hudhani kwamba programu zake ni nzito, ilhali tatizo ni feni iliyojaa vumbi. Huweza kununua kumbukumbu asiyoihitaji. Aidha, ukimya husomwa vibaya. Kiendeshi cha drivetemp kiliingia katika Linux 5.6 ya mwaka 2020 ili diski za SATA zisomwe kupitia hwmon, lakini mara nyingi moduli yake hupakiwa kwa mkono. Pasipo kupakiwa, mstari wa diski haupo, na msomaji huweza kuhitimisha kwamba diski yake haina kihisi.

5.0 Hitimisho

Uhakiki umebainisha kwamba ubora wa programu ya aina hii haupimwi kwa wingi wa namba wala kwa uzuri wa grafu. Unapimwa kwa mambo matatu: kama namba inataja kihisi ilikotoka, kama kikomo kinaonekana pamoja nayo, na kama kukosekana kwa usomaji kunatamkwa badala ya kuachwa tupu au kujazwa sifuri. Mambo mawili ya kwanza tayari yamo katika mafaili ya kiini pale kifaa kinapoyatoa. Kinachotakiwa ni kutoyatupa njiani. La tatu ni jukumu la mbunifu wa kiolesura. Anayeamua kuzima kompyuta katikati ya kazi, au kuiacha iendelee, hutegemea namba hiyo moja, na ana haki ya kujua inasema nini.