Nomino za Kamusi na Vitenzi vya Mwalimu: Juu ya Masomo ya Biolojia katika Video

Kwa miaka mingi, tulipotaka kupima kama Kiswahili chafaa kufundishia sayansi, tulizoea kuhesabu istilahi. Tuliuliza: je, kitu hiki kina jina, na kile nacho? Kazi hiyo haikuwa ya bure. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, yatosha kuwa ushahidi. Lakini siku hizi lugha yetu imepata mtihani mwingine ambao haukutungwa na kamati yoyote, nao ni masomo ya biolojia na ya mazingira ambayo walimu wa Tanzania huyarekodi na kuyaweka katika intaneti, na wanafunzi wa sekondari wakayatazama katika simu. Nataka kuyahakiki masomo hayo kwa upande wa lugha, na hoja yangu ni moja: upungufu wake mkubwa si wa nomino, bali ni wa vitenzi.

Asili ya lugha ya masomo haya yajulikana. Katika shule za msingi za serikali Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu 1967, na mtoto aingiapo sekondari hukutana na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie katika sekondari pia, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Basi mwalimu wa video hufanya yale yale ayafanyayo darasani: huandika maelezo kwa Kiingereza, huyasoma, kisha huyafafanua kwa Kiswahili. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mwanafunzi aliyekuwa na simu aliweza kumpata mwalimu wa namna hii nyumbani. Asiyekuwa nayo alikosa hata huyo.

Haifai kuyadharau masomo haya. Katika kitabu moyo umechorwa umetulia. Katika video mwanafunzi huziona vali zikifunguka na kufungika, na asipoelewa huweza kurudisha nyuma mara tatu bila kumwonea mtu haya. Sifa ya video ni kwamba picha yake inakwenda. Nayo picha inayokwenda yadai maneno yanayokwenda, yaani vitenzi. Mwalimu akitaja majina tu, hili ni hili na lile ni lile, video hurudi kuwa ubao.

Sasa tutazame sentensi ya namna inayosikika sana: "Mizizi ina-absorb maji kutoka kwenye udongo." Watetezi wa usafi wa lugha watapiga kelele kwa ajili ya neno geni. Mimi sioni dhambi katika ugeni wake. Kiswahili kimekopa tangu zamani, na hapa kiambishi cha ngeli na cha njeo vyote ni vyetu. Hasara iko mahali pengine. Kitenzi *fyonza* hutupa *fyonzwa*, *fyonzea*, *fyonzeka*. Kila mnyambuliko hutuambia nani atenda, nani atendwa, na kwa njia gani. Kile cha kigeni kimeganda. Akitaka kusema kwamba maji yametendwa, mwalimu hukimbilia Kiingereza, na mwanafunzi ambaye Kiingereza chake ni hafifu hubaki nyuma hapo hapo penye kiini cha somo.

Mfano ulio wazi zaidi ni jozi ya *sambaa* na *sambazwa*. Oksijeni husambaa kutoka katika vifuko vya mapafu kuingia damuni: hakuna kitu kinachoisukuma upande ule, bali hutoka palipo na wingi wake kwenda palipo na uchache, kama harufu ya udi inavyofika mlangoni bila kupelekwa. Ikisha kuingia damuni, husambazwa mwilini, kwa kuwa sasa moyo unaisukuma damu iliyoibeba. Tofauti hii ndiyo somo lenyewe, na sarufi yetu huionyesha kwa kiambishi tu. Mwalimu anayeziita safari zote mbili "ina-move" ametupa chombo bora kilichokuwa mkononi mwake.

Lakini haitoshi kusema vitenzi vya Kiswahili vitumike. Lazima navyo vihakikiwe. *Nyonya* hutuletea picha ya kinywa na juhudi. Mwanafunzi akiambiwa kwamba mzizi unanyonya maji, huenda akafikiri kwamba ncha ya mzizi ina mdomo, na osmosisi isimwingie akilini. *Penya* lingekuwa jema zaidi, kwa maana maji hupenya utando wa seli. Kadhalika *kimeng'enya*, istilahi ambayo aghalabu husifiwa kwa kujieleza yenyewe. Kwa hakika hujieleza: ni kitu kinachomeng'enya, yaani kinachovunjavunja. Hata hivyo viko vimeng'enya vinavyounga badala ya kuvunja, kama vile vinavyojenga DNA seli inapojiandaa kugawanyika. Mwalimu asipoionya darasa lake, uzuri wa istilahi wenyewe utapotosha.

Kosa lenye madhara makubwa kuliko yote ni la maneno mepesi kabisa. Husemwa kwamba binadamu huvuta hewa safi na kutoa hewa chafu, na mimea huvuta hewa chafu na kutoa hewa safi. Maneno haya hukaririka kama wimbo, nayo si kweli. Hewa tuivutayo ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na ile tuitoayo bado ina kama asilimia 16. Ingekuwa uchafu mtupu, pumzi ya mdomo kwa mdomo isingemwokoa mtu aliyezama. Hewa ukaa, kwa upande wake, haina rangi wala harufu, na kwa mmea ni malighafi ya usanisinuru. Tena mmea nao hupumua mchana na usiku. Anayeujua wimbo ule tu hudhani kwamba mmea hugeuka usiku na kuanza tabia mpya. Kumbe nuru imeondoka, usanisinuru umekoma, na upumuaji unaendelea kama ulivyokuwa. Akifika katika somo la mazingira hupotea tena: huchanganya hewa ukaa na moshi na vumbi, asielewe ni vipi gesi isiyoonekana yaweza kuzuia joto la dunia lisitoke. Neno moja, *chafu*, limemfungia milango miwili.

Nitajibiwa kwamba mtihani wa biolojia huandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa video hutaka mwanafunzi wake afaulu. Ni kweli, wala siwezi kumlaumu. Lakini jina la Kiingereza laweza kubaki ubaoni likakaririwa, na kitendo kikaelezwa kwa Kiswahili kilichotimia. Mwanafunzi aliyelielewa tukio anacho cha kuandika, hata kwa lugha ya kuazima. Aliyeshika majina hana ila majina.

Nasi wa vyuo vikuu tuna sehemu yetu katika lawama hii. Kamusi zetu za istilahi zimejaa nomino, na vitenzi vikaachwa vijitafutie maana. Yafaa sasa tukusanye vitenzi vya sayansi kama wavisemavyo walimu hawa, tupime kipi kinaeleza na kipi kinapotosha, kisha tuwarudishie matokeo kwa njia ile ile ya video. Mtoto anayerudisha picha nyuma mara tatu usiku ametimiza wajibu wake. Wetu ni kuhakikisha kwamba mara ya tatu anasikia neno linalomfaa.