Stelingi Asiyekufa: Kwa Nini "Heroes" Ilikimbiwa na Watazamaji

Jumamosi moja ya baridi kali hapa Shakopee tulikutana kwa mwenzetu kula pilau, na kabla sahani hazijaondolewa vijana wetu walikwishaanza ubishi: kwa nini tamthilia za mashujaa wenye nguvu za ajabu zinapoteza watazamaji siku hizi? Sisi wakubwa tukacheka. Ubishi huo tuliumaliza sauti zamani, juu ya "Heroes", tuliyokuwa tukiitazama kila Jumatatu saa mbili usiku, chaneli 11. Vijana wakatuambia tuwaeleze basi. Tuliahidi kuandika, na ahadi ni deni.

Kwa wasioikumbuka: "Heroes" ilibuniwa na Tim Kring na kuanza kuonyeshwa na NBC tarehe 25 Septemba 2006. Watu wa kawaida wanagundua kwamba wana vipaji visivyo vya kawaida. Karani wa Tokyo, Hiro Nakamura, anasimamisha saa. Msichana wa shule wa Texas, Claire Bennet, akiumia anapona papo hapo. Mtengeneza saa, Sylar, anaua wenzake ili awanyang'anye vipaji. Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 14. Sehemu ya mwisho, tarehe 8 Februari 2010, ilitazamwa na milioni 4 na ushei. Hao wengine walikwenda wapi?

Sebuleni kwetu kulikuwa na kambi tatu. Ya kwanza ilisema ni mgomo. Waandishi wa Hollywood waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, na msimu wa pili ukakatwa ukabaki na sehemu 11. Ya pili ilisema watazamaji hawakupotea, ila walihama: walirekodi na kutazama kesho yake, au walinakili kwenye kompyuta bila kulipa. Ya tatu ilisema wahusika walizidi, mpaka mtu ukihitaji daftari kuwafuata.

Kila kambi ina lake la kweli. Lakini Novemba 2007, mgomo ukiwa ndio kwanza unaanza, Kring mwenyewe alikiri kwa jarida la Entertainment Weekly kwamba msimu wa pili ulikwenda polepole mno, na kwamba Hiro alikaa Japani ya kale muda mrefu kupita kiasi. Maradhi yalikuwapo kabla ya mgomo. Kuhusu kurekodi na kunakili, tamthilia zote za wakati ule zilipata pigo hilo, na si zote zilizoporomoka hivi. Wahusika nao walikuwa wengi tangu msimu wa kwanza, na tuliwapenda hivyo hivyo.

Sisi tuliosomea uhandisi tunaomba ruhusa ya kuleta mfano mzito, bila kudharau msiba wa mtu. Tarehe 1 Agosti 2007, kati ya msimu wa kwanza na wa pili, daraja la I-35W lilianguka katika Mto Mississippi pale Minneapolis. Watu 13 walifariki na 145 walijeruhiwa. Siku ile juu ya daraja kulikuwa na mashine na kokoto za ukarabati, na wengi wetu tulidhani mzigo ule ndio uliolivunja. Uchunguzi ulionyesha zaidi ya hapo. Mabamba yanayounganisha vyuma vikubwa yalikuwa na unene wa nusu inchi, karibu nusu ya unene uliotakiwa. Kosa lilikuwa katika michoro, na daraja lilifunguliwa mwaka 1967. Kwa miaka 40 lilisimama likiwa na udhaifu huo, mpaka mzigo ulipozidi.

Mgomo kwa "Heroes" ulikuwa kokoto zile. Bamba jembamba lilikuwa wapi?

Bamba ni kile kinachounganisha kipaji na gharama yake. Tulipokuwa wadogo, tukitoka sinema ya Empire au Avalon pale Dar es Salaam, tulikuwa na sheria moja: stelingi hafi. Hata hivyo tulikaa ukingoni mwa kiti, kwa sababu stelingi alipigwa, alifiwa na ndugu, alipoteza shamba. Hakufa, lakini alilipa. Msimu wa kwanza wa "Heroes" ulilijua hilo. Sehemu iitwayo "Company Man", iliyoandikwa na Bryan Fuller na kuonyeshwa Februari 2007, karibu yote inatokea ndani ya nyumba moja. Mwishoni Noah Bennet anakubali kufutwa kumbukumbu, ili hata akiteswa asiweze kusema binti yake amefichwa wapi. Hapo hakuna anayeruka angani. Kuna baba anayelipa, na kwetu ndiyo saa bora kuliko zote za tamthilia nzima.

Halafu angalieni yaliyofuata. Msimu wa pili, Bennet huyo huyo anapigwa risasi, anakufa, na damu ya Claire inamfufua. Kuanzia hapo kila jeneza lina mlango wa nyuma. Msimu wa tatu Nathan Petrelli anauawa, lakini Sylar anavishwa sura na kumbukumbu zake, na mwigizaji anaendelea kuja kazini kama kawaida. Sylar alikuwa na sehemu moja tu ya kumwua, nyuma ya kichwa; akapata uwezo wa kubadili umbo, akaihamisha. Mtazamaji ni mtu mwenye akili. Akishajua kwamba hakuna deni lisilofutwa, anazima luninga akalale, maana kesho kuna kazi.

Walinganisheni na Fumo Liyongo wetu. Naye hauliki kwa mkuki wala mshale, isipokuwa kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Kitovu hicho hakihami. Aliyepewa siri ni mwanawe, na mwanawe ndiye aliyemchoma. Hadithi hiyo imedumu kwa karne nyingi pwani yetu bila bajeti ya NBC, kwa sababu bamba lake ni nene.

Kuna bamba la pili, na hili linatugusa sisi wahamiaji. Mohinder Suresh alikuwa msomi kutoka Chennai anayeendesha teksi New York. Hatukuhitaji kuelezwa. Wangapi kati yetu waliendesha teksi uwanja wa ndege wa hapa huku shahada zimo sandukuni? Hiro naye alisema Kijapani saa ambayo Marekani yote iko mbele ya luninga, na Wamarekani wakasoma maandishi chini ya picha. Watoto wetu, waliokuwa wakituomba tusiseme Kiswahili dukani, waliliona hilo. Kwao lilikuwa jambo kubwa kuliko kuruka.

Lakini wageni hao walifanywa nini? Msimu wa tatu Mohinder anajidunga dawa na kuota magamba kama mdudu. Hiro anarudishwa akili za mtoto wa miaka kumi. D.L. Hawkins, baba mweusi aliyeweza kupita ukutani, aliondolewa kabla msimu wa pili haujashika kasi, na mwaka 2020 mwigizaji wake, Leonard Roberts, aliandika katika Variety juu ya uchungu wa kuondoka kwake. Na yule mtu wa Haiti, mwenye mkono unaofuta kumbukumbu, kwa muda mrefu aliitwa "Mhaiti" tu. Mwenzetu mmoja, anayefanya kazi ghalani, alisema: "Kama mimi. Miaka sita kazini, bado ni yule Mwafrika." Hakuna aliyecheka.

Tunaamini watazamaji kama sisi tulikuwa sehemu ya hao milioni kumi walioondoka. Hatukuchoshwa na mashujaa. Tulichoka kuona kwamba watu waliotufanya tuketi wamegeuzwa vioja. NBC ilijaribu tena mwaka 2015 kwa "Heroes Reborn", sehemu 13, nayo ikaishia hapo. Daraja likijengwa upya kwa michoro ile ile, rangi mpya haisaidii.

Tulipomaliza maelezo haya, kijana mmoja aliuliza mwana wa Liyongo alipata nini kwa kumchoma baba yake. Tukamjibu kwamba aliahidiwa makubwa, na hakupata kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza inaonyeshwa chaneli gani.

Tukamwambia avute kiti.