Jicho, Moyo na Jina: Riwaya ya Louis Bayard Isomwapo Usukumani

Mwaka 2006 mtungaji wa Marekani, Louis Bayard, alitoa riwaya aliyoiita The Pale Blue Eye, yaani jicho la buluu iliyofifia. Mambo yake yanatukia mwaka 1830 katika chuo cha maafisa wa jeshi cha West Point, kando ya mto Hudson. Mwanafunzi mmoja aonekana ananing'inia kwa kamba. Usiku uo huo maiti yake yaibwa, nayo ipatikanapo, moyo umekwisha tolewa kifuani. Wakuu wa chuo wamwita Augustus Landor, askari polisi wa New York aliyestaafu, naye amchagua kijana mmoja wa pale chuoni awe msaidizi wake wa siri. Kijana huyo ni Edgar Allan Poe, ambaye kwa hakika alikuwa mwanafunzi wa West Point tangu mwaka 1830 hata alipoondolewa kwa hukumu ya baraza la kijeshi mwaka 1831. Riwaya hiyo ilifanywa sinema mwaka 2022, lakini sifa zake na kasoro zake hupimwa vema kitabuni.

Uteuzi wa Poe si pambo. Ni Poe aliyeandika mwaka 1841 hadithi ya mauaji ya mtaa wa Morgue, ambamo mara ya kwanza alionekana mpelelezi mwenye akili kali pamoja na mwenzi amtazamaye kwa mshangao. Jozi hiyo ilirithiwa na Conan Doyle, na kutoka huko ikafika Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya Muhammad Said Abdulla iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya 1957-58 na kupigwa chapa mwaka 1960, inaye Bwana Msa na kiko chake, na Najum aliye sahibu yake. Basi Bayard amemchukua babu wa ukoo mzima huo, akamrudisha ujanani, akamfanya Najum wa mtu mwingine.

Jina la kitabu nalo latoka kwa Poe. Katika hadithi yake fupi ya mwaka 1843, mtu amwua mzee asiyemkosea lolote, kwa sababu tu hawezi kulivumilia jicho lake. Msomaji wa Ulaya huliona jambo hilo kuwa wazimu wa mtu mmoja. Msomaji wa Bariadi hataliona hivyo. Katika nchi ya Wasukuma, ambako kuni ni haba na jiko huwashwa mara nyingi kwa samadi kavu au kwa miti ya pamba iliyokwisha vunwa, wanawake wengi huzeeka macho yakiwa mekundu kwa moshi; na wekundu huo umechukuliwa miaka mingi kuwa alama ya uchawi, hata wazee wakakatwa mapanga kwa ajili yake. Eneo ambalo tangu mwaka 2012 laitwa Mkoa wa Simiyu, na ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa Shinyanga, limo katika historia hiyo. Yaliyo ndoto ya kutisha kwa Poe ni habari ya kijiji huku. Kwa hiyo riwaya ya Bayard yastahili kuulizwa swali ambalo wahakiki wa kwao hawana haja ya kuliuliza: je, sanaa ya upelelezi yaweza kusema neno la kweli mahali ambapo uchawi husadikiwa?

Jibu lake ni la maana kuliko linavyodhaniwa. Moyo ulioibwa wawaelekeza wote kwenye ushirikina, na kweli ushirikina upo: binti wa tabibu wa chuo, mgonjwa wa kifafa, pamoja na nduguye, wanautafuta uzima kwa matambiko. Lakini hao waliuchukua moyo tu, hawakuua. Aliyeua ni Landor mwenyewe, kwa kisasi cha binti yake aliyenajisiwa na wanafunzi wa chuo na kisha akajiua. Makosa ni mawili, na la kwanza limefunikwa na la pili. Huu ndio ufundi mkubwa wa kitabu. Watafiti wa mauaji ya wazee Usukumani nao wameonyesha mara kwa mara kwamba nyuma ya neno uchawi hukaa shamba, urithi, ng'ombe, au ugomvi wa jamaa. Methali husema: Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Riwaya ya upelelezi ni hoja ndefu dhidi ya methali hiyo.

Abdulla alitangulia kuitoa hoja hii. Kwake mzimu hauui mtu. Mwuaji ni mtu, naye ana sababu zake. Lakini Bwana Msa amwekwa juu ya shaka zote: akiisha kusema, mambo yamekwisha. Hapo ndipo lilipo tatizo, kwa maana Usukumani mpelelezi ana mshindani wa kale, naye ni nfumu, mpiga ramli asomaye matumbo ya kuku. Huyo pia huulizwa ni nani, naye pia huwa na jibu. Kama tofauti ya wawili hao ni kwamba mmoja huvuta kiko na mwingine huchinja kuku, basi tofauti ni ndogo. Tofauti iliyo ya kweli ni kwamba jina litolewalo na mpelelezi hutolewa pamoja na njia lilikopatikana, na kila mtu aweza kuifuata njia hiyo na kuipinga. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ililifahamu jambo hili kwa upande wake, ilipofanya kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa kosa.

Bayard amekwenda mbele ya Abdulla kwa hatua hii moja: amemtia hatiani mwenye kutoa jina. Landor, mzee mwenye heshima, msimulizi ambaye msomaji amemwamini tangu mwanzo, awaacha watu wasadiki jina lisilo la kweli. Ni yule kijana aliyetumwa ndiye amjiaye mwishoni na kumwambia kweli uso kwa uso.

Kiswahili chaweza kulieleza jambo hili kwa mzizi mmoja. Kutokana na kutuma yamekuja maneno mtume na mtumwa: aliyepewa ujumbe, na asiye na hiari. Poe aanza kazi akiwa karibu na maana ya pili, na kuimaliza akiwa katika ya kwanza. Katika mauaji ya vikongwe, mara nyingi mwenye panga ni kijana aliyekodiwa. Amepewa jina wala hakuuliza limetoka wapi. Kazi ya Poe ni kinyume cha kazi ya kijana huyo.

Kasoro hazikosekani. Taarifa ambazo Poe amwandikia Landor zina maneno mengi yenye mapambo. Ni mwigo wa werevu, lakini huchosha, na atakayezifasiri ataona taabu kuzitenga na usemi mkavu wa Landor bila kuziharibu zote mbili. Neno mpelelezi lenyewe, lenye kumhusu jasusi na kachero pia, lamfaa Poe barabara, kwa kuwa yeye ni wote wawili. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba binti wa Landor, ambaye kwa ajili yake damu yote yamwagika, hapewi kinywa. Yeye ni sababu tu ya huzuni ya babaye. Na hapo Bayard afanana na mashauri mengi ya Usukumani, ambamo ajulikana aliyeua, ajulikana na aliyetuma, bali yule bibi mwenye macho mekundu hakumbukwi kwa neno lake hata moja.

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Simu ya Kifo ya Katalambulla mwaka 1965 hata vitabu vya Musiba vya Willy Gamba, imependa zaidi miji, simu na bastola. Mtungaji atakayeipeleka katika mashamba ya pamba ya Bariadi atamkuta Bayard amemwonyesha njia nusu. Nusu iliyobaki ni kuanza hadithi na bibi yule kabla hajafa, akiwa jikoni kwake, moshi umemzunguka, naye asema.